Ra ya Wafula

Mpaka leo mtu akiniambia spea fulani "inaingia" kabla hajaipima, damu inanichemka. Wafanyakazi wangu wananiita mkorofi kwa sababu hiyo, na sina la kujitetea. Jumamosi iliyopita nilikwenda Mabanga kumzika Mzee Barasa, fundi aliyenifundisha injini nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na pale kwenye foleni ya chakula, nimeshika sahani nangoja wali na nyama, nikasikia sauti nyuma yangu: "Luben." Jina langu ni Ruben, na ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo. Niligeuka nikamwona Wafula. Amenenepa, kichwa kimejaa mvi, koti limembana mabegani. Zaidi ya miaka ishirini tulikuwa hatujasemeshana. Akanipa mkono, akasema pole, nami nikasema pole, kama watu wawili waliokutana benki, kisha akachukua sahani yake akaenda kukaa upande wa wanakwaya. Nilibaki nikiutazama wali. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia, jambo fupi la kumalizwa kwa pumzi moja, na nilikuwa nimelikalia tangu mwaka ule wa Ndume. Nilijua nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

Ndume lilikuwa gari. Gari la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu ya kulalia mtu na blanketi lake, injini ya silinda nane zilizopangwa nne huku na nne huku kama herufi V. Mzungu mmoja mwenye shamba nje ya Kitale alimwachia Mzee Barasa alipohama, na Mzee akalisukuma hadi gereji yake, kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, likalala hapo miaka limefunikwa magunia. Mimi na Wafula tuliishi chumba cha nyuma cha gereji hiyo. Vitanda viwili vya vyuma, jiko moja la makaa, ukuta umejaa vumbi jeupe la unga ambalo kinu kilitupumulia mchana kutwa, na harufu ya dizeli iliyoingia mpaka kwenye ugali. Wafula ndiye aliyekuwa mpishi. Alisonga ugali wa wimbi mweusi, mgumu, akaupiga mgongo kwa mwiko, akasema, "Kura, Luben. Hii si chakura ya watoto." Nilikuwa nikicheka kila siku. Mimi mtu wa Kitale mjini, l na r kwangu zilikaa kila moja mahali pake, na nilijivunia ulimi wangu kama vile niliununua. Wafula wa Bungoma alizichanganya apendavyo Mungu. Lori kwake lilikuwa rori, redieta ilikuwa ledieta. Kwetu mtu akitamka hivyo tunasema ameshrub, na nilimwambia ameshrub mara nyingi kuliko nilivyomwambia asante.

Mwezi wa pili Mzee alituita tukae juu ya matairi, akatuambia anarudi kwao Mabanga kufuga ng'ombe, kifua kimekataa baridi ya Kitale. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbolea aliyekuwa akikitaka kile kibanda. "Lakini mimi sitaki mbolea ikae mahali nimekaa na spana miaka yote hii," akasema. "Mkiamsha Ndume kabla ya Krismasi, nijue mnaweza kazi, gereji ni yenu wawili. Asipoamka, nampea mtu wa mbolea." Usiku huo hatukulala. Tulibishana jina la nani litangulie kwenye kibao. Wafula alikata kipande cha mlango wa gari bovu, akakinyoosha kwa nyundo, akakipaka rangi nyeupe, akakisimamisha karibu na kitanda chake bila maandishi yoyote, kinangoja. Hebu fikiria, vijana wawili wasio na chochote ila overoli, wanaambiwa kuna gereji.

Tulimfungua Ndume tukakuta ugonjwa wake ni mmoja. Juu ya kila safu ya silinda hukaa kifuniko kizito cha chuma kinachobeba valvu, mafundi tunakiita silinda hedi. Ndume alikuwa nazo mbili na moja ilikuwa imepasuka ufa wa kuingiza kucha. Ilitakiwa hedi nyingine ya aina ile ile. Ubavuni mwa zile mbili za mwanzo kulikuwa na namba zilizoinuka kwenye chuma chenyewe, na mwisho wa namba herufi R. Mzee alitueleza, na alirudia mpaka tukachoka, kwamba kiwanda kilitoa hedi za aina mbili kwa injini za familia hii. Za R zilikuwa na valvu ndogo, hizo ndizo za Ndume. Za L zilikuwa na valvu kubwa, za injini yenye silinda pana zaidi. "Kwa macho ni mapacha," akasema. "Mashimo ya bolti ni yale yale, gasketi inakaa vizuri kabisa. Ukiweka L hapa, valvu zinashuka zinagonga ukingo wa silinda. Soma herufi. Kama hakuna herufi, wacha."

Na alikuwa ametufundisha namna ya kuzisoma. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimefika kwetu, mtandao wa kubahatisha, na Mzee aliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu mtu alimsomea "bii" akasikia "dii". Kwa Kizungu, alisema, hizo herufi zote zinalia namna moja. Basi akaamuru tusome kama watoto wa darasa la kwanza: ba, da, ka, pa. B ni ba, D ni da, hakuna kukosea. Tulicheka, lakini ilifanya kazi, tukazoea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini kufikiria kuhusu la na ra. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa Mabanga, Bungoma ile ile ya Wafula. Angefikiriaje?

Ule mwaka sasa. Tulitembea na gasketi kuukuu, kile kibati chenye mashimo kinachokaa chini ya hedi, tumeibana katikati ya vipande viwili vya katoni, tukiilaza juu ya kila chuma tulichoonyeshwa. Nani aliniambia Trans-Nzoia ina vyuma? Ina mahindi. Tukavuka hadi Naitiri, tukapelekwa kwa mkulima aliyeapa ana hedi ya silinda nane. Tukatembea naye kwenye matope hadi zizini, tukaikuta ni ya trekta, amefungia ndama. "Si inaingia?" akauliza. Wafula akailaza gasketi juu ya ile hedi kwa heshima, akakuna kichwa. "Baba, hii ni ya rile tlekta ya kurima." Tukapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, tukarudi. Kitale kwenyewe mwenye duka la spea alituletea hedi tatu, zote za lori, zote "zinaingia, bana, nyinyi ni mafundi, si mtapiga na tindo kidogo?" Kupiga na tindo! Mwingine alitueleza kwamba R ni upande wa kulia kwa Kizungu, kwa hiyo tutafute L ya kushoto, na alikasirika tulipomwambia zote mbili za kiwandani zilikuwa R. Mwezi wa nane ukapita, wa tisa ukapita. Yule mtu wa mbolea akaanza kuja Jumamosi kupima kibanda kwa hatua zake, bila hata kutusalimia, akinong'onezana na mwenye kinu kuhusu mahali pa kuweka mlango mpya. Nilikuwa nikimsikia kupitia mabati.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Wafula alikwenda kwao Bungoma siku tano, akaahidi kupita yadi za skrapu za huko. Siku ya pili simu ya Mzee, aliyotuachia gerejini, ililia. Ilikuwa ikining'inia msumarini juu ya mtungi wa maji, mahali pekee mtandao uliposhika, na ulipaswa kuongea ukiwa umeinua shingo. Nilikuwa peke yangu. Wafula alikuwa anapiga kutoka kibanda cha simu. "Luben! Nimepata hedi. Gasketi imekaa, mashimo yote. Sikia namba." Akanisomea tarakimu polepole nami nikaandika kwa chaki kwenye mlango. Zilikuwa zenyewe. "Na mwisho?" nikauliza. Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Ra."

Nataka kuliandika hili bila kulipamba. Alisema ra. Ilitoka wazi, imepigwa na ncha ya ulimi, ra ambayo mwalimu angeiwekea alama ya vyema. Niliisikia ikiwa ra. Lakini nilimjua Wafula. Miezi yote ile nilikuwa nimemgeuza kila alichosema, rori nikiiweka lori, ledieta nikiiweka redieta, mpaka nilikuwa nafanya hivyo bila kufikiri. Basi Wafula akisema ra, anamaanisha la. Nikaandika L. Ningeweza kumwambia arudie. Ningeweza kumwuliza kama juu ina duara au haina, mtoto angeuliza hivyo. Nikajiambia namwonea huruma, sitaki aone namcheka mbele ya watu wa simu. Uongo mtupu. Nilikuwa na hakika, basi, na mtu mwenye hakika haulizi.

"Iache," nikasema. "Si yenyewe."

"Niiache? Luben, una hakika? Hawa watu wanapakia rori kesho."

"Nimekuambia iache, bana."

"Sawa," akasema, simu ikakatika.

Kesho yake nilikwenda Suam. Nilikuwa na haraka ya mtu anayefukuzwa, wiki tatu zilikuwa zimebaki, na nilikuwa nimesikia kuna mama pale mpakani anayeuza vyuma vinavyovuka kutoka Uganda. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, anamenya njugu, hedi iko miguuni pake imepakwa rangi ya fedha inang'aa. Niliilazia gasketi. Ikakaa. Nikatafuta herufi ubavuni nikakuta mahali pake pamesagwa na mashine, laini kabisa. "Nani amesaga hapa?" nikauliza. "Ai, sijui, imekuja hivyo," akasema, akanipa njugu. "Chukua tu, kijana, inaingia." Valvu nilizitazama. Zilionekana pana kidogo, unene wa ukucha hivi. Nilijua Mzee angesema wacha. Niliwaza kibao cheupe kando ya kitanda cha Wafula, nikawaza yule mtu akipima kwa hatua zake, na nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Kweli, inaingia." Ndiyo maana silipendi neno hilo.

Niliifunga peke yangu kwa siku mbili. Mzee alikuwa Mabanga akijenga zizi, na nilipompigia kwenye simu ya jirani yake nikasema Ndume yuko tayari, alipiga kelele ya furaha akaja asubuhi iliyofuata na majirani, na mtu wa mbolea naye akaja, na wasaga unga wakatoka na nyuso zao nyeupe kutazama. Wafula alifika wakati huo huo, mfuko bado begani. Akaiona hedi ya fedha. Akapitisha kidole ubavuni, mahali pa herufi. "Iko wapi?" akaninong'oneza.

"Imesagwa."

"Sasa umejuaje? Na ire yangu uriikataa ya nini?"

"Haikuwa yenyewe. Hii inaingia."

Akanitazama machoni. "Basi tuzungushe na mkono kwanza. Spana kwa klenki, porepore. Kama kuna kitu inagusa tutasikia."

Alikuwa sahihi, kuuzungusha mhimili huo wa injini ni kazi ya dakika tano, na Mzee alikuwa ametufundisha hiyo kabla ya kutufundisha kitu kingine chochote. Lakini watu walikuwa wamesimama, Mzee alikuwa ameshavua kofia yake, na mimi sikutaka kuonekana mtu asiyeamini kazi yake. Niliingia ndani nikawasha. Ndume alikohoa mara moja, akakamata, akanguruma. Ninaapa alinguruma, mabati yakatetemeka, watu wakapiga makofi, Mzee akainua mikono yote miwili. Pumzi mbili hivi. Halafu kukatoka mlio ambao sijausikia tena wala sitaki kuusikia, chuma kikigonga chuma, na kila kitu kikasimama.

Tulifungua hapo hapo mbele ya watu, kwa sababu Mzee alitaka kuona. Valvu nne zilikuwa zimepinda. Moja ilikuwa imekatika kichwa, ikaingia kwenye pistoni, ukuta wa silinda ukatoboka. Mzee aliingiza kidole kwenye tundu lile akakiacha humo kwa muda. Hedi hutafutwa nyingine. Silinda iliyotoboka, kwa Kitale ya wakati huo, ndiyo mwisho. "Hii ni L," akasema. "Ni nani ameniwekea L?" "Na ile Wafula aliona Bungoma? Uliniambia kwenye simu kuna ingine."

"Ilikuwa L pia," nikasema haraka. "Aliniambia L."

"Mimi?" Wafula akasimama. "Mimi niriambia wewe R!"

Kwa kuwa tulisoma kwa njia ya Mzee, hakusema jina la Kizungu la herufi. Alisema silabi, na kwa hasira, mbele ya watu ishirini, ilitoka la. Mtu mmoja wa kinu akacheka. "Ati nini? Sema tena!" Wafula akasema tena. La. Wakacheka wote sasa, hata waliokuwa wamehuzunika, na mtu wa mbolea akacheka kuliko wote. Wafula akanigeukia. Hakuwa akiwatazama hao wengine kabisa. Alikuwa akinitazama mimi, ananingoja, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu.

Nikasema, "Mnaona?"

Ni neno hilo moja. Kwa hilo sikudanganya hata. Niliwaachia wamalizie wenyewe. Mzee alitikisa kichwa, akachukua kofia yake, akamwambia mtu wa mbolea waende waongee kivulini. Wafula aliingia chumba cha nyuma akatoka na overoli yake na mwiko wake, kile kibao cheupe akakiacha. Alinipita mlangoni bila kunigusa. Siku mbili baadaye nilikwenda Bungoma kimyakimya mpaka kwenye ile yadi, na mwenyewe akanionyesha mahali hedi ilipokuwa, majani ya njano yenye umbo lake. Lori lilikuwa limeshaichukua kwenda kuyeyushwa. Sikuhitaji kuiona. Nilikuwa nimeisikia.

Krismasi nilikula kwa jirani, mifuko ya mbolea ikiwa imepangwa tayari mahali palipokuwa na vitanda vyetu. Baadaye nilipata kazi, baadaye nikapata gereji yangu, nina vijana watano, na siku zote nimekuwa mkali kwao kuhusu herufi. Wanadhani ni kwa sababu niliwahi kudanganywa. Nimewaacha wadhani hivyo. Mzee naye alikufa akiamini kwamba Wafula ndiye aliyekosea, na hilo sitaweza kulirekebisha hata nikilia.

Basi pale Mabanga nilibeba sahani yangu nikaenda kwa wanakwaya, nikaketi kando yake. Alikuwa akimalizia mfupa. Siku hizi anafundisha ufundi wa magari kwa vijana, Bungoma. Aliniambia hivyo kwa kifupi, akitazama mbele. Nikasema, "Wafula, siku ile ya simu. Nilisikia ra. Ulisema ra, wazi kabisa, na niliisikia. Niliandika L kwa sababu nilidhani umeshrub. Na nilijua, siku ile mbele ya watu, nilijua."

Alishusha mfupa kwenye sahani. Wanakwaya walikuwa wameanza kukusanya viti.

"Unajua nirifanya nini kabla nikupigie?" akasema. "Niriona ni hiyo helufi, nikasema, woi, ni hii hii ndiyo inanisumbua. Nikakaa nyuma ya kibanda cha simu asubuhi yote. Mama wa simu akawa ananisikiriza. Nikisema, ananiambia bado. Nikisema, bado. Mpaka ikatoka. Akaniambia sasa imetoka, piga halaka kabla ipotee." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Miaka hii yote, Luben, nirikuwa najiambia rabda haikutoka."

Nilisema nisamehe, na hata lenyewe nilisema vibaya, mdomo umejaa wali. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Basi la kwaya lilikuwa linapiga honi. Nikamwuliza kama naweza kumpigia, tuongee vizuri siku moja, akafikiri, akasema sawa. Nikatoa kalamu na ule mpangilio wa ibada ya mazishi, nikaugeuza upande usio na picha ya Mzee. Alinisomea namba yake polepole nami nikaandika. Tulipofika mwisho nilianza kuikunja karatasi niiweke mfukoni.

"Ngoja," akasema, na akanyoosha mkono. "Nionyeshe vire umeandika."

Nikampa. Akavaa miwani yake, akaweka kidole chini ya tarakimu ya kwanza, akazisoma moja baada ya nyingine kimoyomoyo mpaka ya mwisho, kisha akanirudishia karatasi, akaenda kupanda basi.